Pasi ya reli ya Japani si lazima, jamani

Kila anayetaka kuzunguka bustani na makasri ya Japani kwa treni huanza vilevile: "Pasi ya JR nishanunua, sasa niende wapi?" Umeanzia mkiani. Zamani pasi hiyo ya JR, kundi la kampuni kuu za reli za Japani, ya siku 7 nchi nzima, iliuzwa yeni 29,650, na Tokyo–Kyoto kwenda na kurudi pekee ilikaribia kuirudisha hela hiyo. Oktoba 2023 ikapanda hadi 50,000. Kwenda na kurudi Kyoto bado ni kama 28,000; hata ukifika Hiroshima na kurudi ni kama 40,000. Bei imehama, ushauri wa mitandaoni umebaki palepale.

Pasi huanza kulipa ukienda mbio: Tokyo, Kanazawa, Kyoto, Hiroshima, kisha Tokyo tena, yote ndani ya wiki. Nani anatazama bustani kwa mbio hizo? Tena Nozomi, treni zilizo nyingi na za haraka kuliko zote kwenye njia ya Tokyo, Kyoto na Hiroshima, mwenye pasi huzilipia nyongeza: yeni 4,960 kutoka Tokyo hadi Kyoto.

Sasa kinachoniudhi hasa. Watu hawajui kwamba safari ya Shinkansen, treni za kasi za Japani, ina tiketi mbili: joshaken, yaani nauli ya msingi inayohesabiwa kwa kilomita, na tokkyuken, malipo ya kupanda treni ya kasi. Joshaken ya zaidi ya kilomita 100, ukiacha iliyo ndani ya maeneo maalumu ya miji mikubwa, inakuruhusu kushuka njiani, kutoka nje ya stesheni, ukalala, ukaendelea mbele, ilimradi usirudi nyuma na muda wake haujaisha. Hadi kilomita 200 ni siku 2, kisha siku moja zaidi kwa kila kilomita 200. Tokyo–Okayama ni kilomita 732.9, kwa hiyo una siku 5. Unalala Kyoto, unashuka Himeji kwa saa chache (kasri liko kama kilomita moja kaskazini mwa stesheni), unamalizia Okayama kwenye Korakuen, bustani iliyokamilika mwaka 1700. Joshaken ni moja, tokkyuken ni tatu. Kwa kuwa nauli kwa kilomita hupungua kadiri safari inavyorefuka, unalipa pungufu kuliko aliyekata safari tatu kamili.

Watu huharibu hapa: wanakata kwa programu ya simu. Tiketi za Smart EX huunganisha nauli na malipo ya kasi, kwa hiyo ukitoka getini Kyoto imekwisha. Nenda dirisha la tiketi, useme tangu mwanzo unashuka wapi. Ukishuka njiani, getini ingiza karatasi zote mbili pamoja. Tokkyuken inamezwa, joshaken inatoka upande wa pili. Subiri uichukue! Geti likigoma, mfuate mhudumu wa pembeni na umwambie "tochu gesha", yaani unashuka njiani. Kama foleni ya dirishani inastahili ile yeni elfu na ushee unayookoa, hapo bado nabishana na nafsi yangu. Ukipata punguzo zuri kwenye programu, sikulaumu.

Anayeishia Kyoto ana neema nyingine. Tiketi yake kutoka Tokyo huandikwa kwamba mwisho ni mji wa Kyoto, si stesheni ya Kyoto. Pitia geti la kuunganisha treni, usitoke nje, na nauli hiyohiyo inakufikisha stesheni ya Saga-Arashiyama, jirani na bustani ya Tenryuji. Mwenye tiketi ya Okayama hana haki hiyo. Kipande hicho atalipa.

Pasi za kanda ni nafuu, lakini Kansai Wide, pasi ya kanda ya Kyoto na Osaka, ina mtego mmoja: Shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka haimo, kwa sababu kipande hicho ni cha JR Tokai, si JR ya Magharibi inayotoa pasi hiyo. Panda Shinkaisoku, treni ya JR ya kawaida isiyosimama kila stesheni, hadi Shin-Osaka, dakika 25 hivi, ndipo uingie Shinkansen. Na pasi yoyote ya JR haikufikishi hekalu la Ryoanji, ambako unapanda Randen, wala kasri la Katsura, ambako ni Hankyu; zote mbili ni reli za kampuni nyingine. Hekalu la Fushimi Inari liko mkabala wa stesheni ya JR, lakini treni za haraka za Miyakoji hazisimami hapo; subiri ya kawaida.

Kwa Kenrokuen, bustani ya Kanazawa, tangu Machi 16, 2024, treni ya haraka ya Thunderbird kutoka Kyoto huishia Tsuruga. Unashuka ghorofa ya chini, unapanda hadi ya tatu ilipo Shinkansen, na mara nyingi una dakika 8 tu. Usianze kupiga picha.

Kairakuen, bustani ya mji wa Mito, nina shaka nayo nje ya msimu wa miplamu, Februari na Machi. Msimu huo, wikendi na sikukuu, hufunguliwa stesheni ya muda mlangoni pa bustani, ila husimama treni zinazotoka upande wa Tokyo tu. Kurudi, chukua basi hadi stesheni ya Mito.