Wastani wa elfu moja ambao hakuna aliyeupata

Tuseme ni jioni pale Kondele, Kisumu, na wanabodaboda saba wa steji moja wanahesabu mapato ya siku: shilingi 500, 550, 600, 600, 650, 700 na 3,400. Huyo wa mwisho alipata mteja wa Siaya, akamngoja kutwa nzima, akamrudisha. Jumla ni 7,000. Ukiigawanya kwa saba, unapata 1,000. Huo ndio wastani. Hesabu haina kasoro, ila sita kati yao hawajaiona hiyo elfu.

Sasa wapange kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye nyingi, umtazame wa nne, aliyesimama katikati. Ana 600. Hiyo ndiyo thamani ya kati, na safari ya Siaya haiitikisi: hata mwenzao angerudi na 10,000, wa katikati angebaki na 600 zake. Modi, yaani kiasi kinachojirudia zaidi, nayo ni 600. Kwa watu saba tu modi haisemi mengi, kwa hiyo naipita.

Kufupisha data ni kuacha kitu nje. Hapa wastani umeficha pengo la 2,900 lililopo kati ya mapato ya chini na ya juu kabisa. Ukiwagawa katika makundi mawili, waliopata chini ya elfu na waliozidi, umeacha mengi zaidi: aliyepata 500 na aliyepata 700 sasa ni kitu kimoja, ingawa hizo 200 ni mafuta ya kesho.

Linaloniudhi zaidi ni wastani wa wastani. Steji ya pili ina watu 63, na wastani wao ni 500. Mtu anajumlisha 1,000 na 500, anagawanya kwa mbili, anatangaza 750. Lakini fedha zote ni 7,000 na 31,500, yaani 38,500 kwa watu 70: wastani wa kweli ni 550. Watu saba walikuwa wamepewa uzito sawa na 63.

Hata wastani wa taifa huficha tofauti vivyo hivyo. Sensa ya 2019 iliipa Kenya watu 82 kwa kila kilomita mraba. Kaunti ya Vihiga ilikuwa na 1,047, Marsabit 6 hivi.