Kuhamia Nyumba Ndogo Uzeeni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Watoto wameshajitegemea, vyumba viwili vinafunguliwa siku ya kufagia tu, na paa linataka fundi tena. Hapo ndipo wazo la kuhamia nyumba ndogo huanza kujadiliwa, na kila ndugu na jirani akawa na lake la kusema. Mengi yanayosemwa yanahusu ukubwa wa nyumba, jambo ambalo kwa maoni yangu halistahili hata nafasi ya pili kwa umuhimu.

Dhana: Nyumba ndogo haina gharama

Inazo, ila ni za aina nyingine. Umeme, maji, rangi na matengenezo hupungua, hilo halina ubishi. Lakini kuuza nyumba na kununua nyingine ni shughuli mbili, na kila moja ina watu wake wa kulipwa: dalali, mwanasheria, kodi na ada za serikali, wenye gari la mizigo, fundi wa kuitengeneza nyumba unayouza ili ipate bei, na fundi mwingine wa kurekebisha unayoingia. Ukihamia kwenye jengo la ghorofa, mara nyingi kuna pia ada ya huduma ya kila mwezi kwa ajili ya ulinzi, usafi na lifti. Ada hiyo hupanda, na pensheni si lazima ipande nayo.

Tena, mita moja ya mraba mara nyingi ni ghali zaidi katika nyumba ndogo, hasa zilizo karibu na hospitali na usafiri, ambako ndiko wazee wengi wangependa kuishi. Kupunguza ukubwa kwa nusu hakupunguzi bei kwa nusu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika pande mbili: gharama za kubaki ulipo kwa miaka 10, paa likiwemo, na gharama za kuhama pamoja na ada za miaka hiyo hiyo 10. Wapo watakaogundua kwamba kupangisha sehemu ya nyumba kubwa kunawafaa zaidi. Dalali hatakueleza hilo, maana yeye hula pale panapouzwa.

Dhana: Ikiwa ndogo, basi ni salama kwa mzee

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Kinachowaangusha si ukubwa wa sebule. Ni sakafu ya bafu iliyolowa, kizingiti, ngazi zisizo na pa kushika, zulia lililojikunja pembeni, swichi ya taa iliyo mbali na kitanda. Ukizihamisha fanicha zote za nyumba kubwa na kuzisongamanisha katika nyumba ndogo, umejiongezea vya kujikwaa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, nenda na futi ya kupimia. Uwazi wa mlango uwe angalau sentimita 80 ili kiti cha magurudumu kipite, na katika bafu ipatikane nafasi ya sentimita 150 ya kukigeuza. Kama mlangoni kuna ngazi, piga hesabu ya njia ya mteremko: kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja vinadai njia ya mita 5.4. Je, mbele ya mlango ipo nafasi hiyo? Na habari za lifti waulize wakazi, usimwulize mwuzaji: ikiharibika, hukaa siku ngapi bila kutengenezwa?

Dhana: Tutahama mwili utakapokataa

Hii ndiyo naiona mbaya kuliko zote. Kuhama kunataka nguvu za kufungasha na akili tulivu ya kusoma mikataba. Anayesubiri mpaka avunjike nyonga huamuliwa na wengine, tena kwa haraka, huku yeye yuko wodini. Katika nchi nyingi, mtu ambaye hawezi tena kuelewa anachokitia saini hawezi kuuza nyumba mwenyewe. Ndugu hulazimika kwenda mahakamani, isipokuwa kama alishamkabidhi mtu mamlaka hayo kisheria mapema.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Mwenye ugonjwa wa kusahau huishi kwa mazoea. Miguu yake inajua choo kilipo hata usiku. Kumhamisha wakati huo kunaweza kumchanganya sana. Aliyehama mapema huwa ameshaizoea nyumba mpya.

Hata hivyo, si kila mzee anapaswa kuhama. Mwenye chumba cha kulala na bafu chini, na majirani wanaobisha hodi wasipomwona, huenda anahitaji vishikio vya bafuni tu.

Dhana: Vitu watachukua watoto

Watoto wana nyumba zao, nazo zimejaa. Waulize mmoja mmoja, kitu kwa kitu, na wape tarehe ya kuja kuchukua. Kisichochukuliwa kiuzwe au kitolewe. Kukodi stoo ni kulipa kila mwezi kwa ajili ya vitu ambavyo umeshaamua kutoishi navyo. Anza na vyombo vya jikoni vilivyojirudia na zana za kazi. Picha na barua ziwe za mwisho, kwani albamu moja inaweza kula mchana mzima.

Kuhusu wajukuu kukosa pa kulala: godoro la kukunja linatosha. Chumba cha wageni wa siku chache hugharimiwa mwaka mzima.

Dhana: Popote karibu na watoto panafaa

Watoto nao huhamishwa kikazi, na mzee akabaki mtaa asiomjua mtu. Chagua mahali panapokufaa hata wao wasipokuwepo: dukani, kliniki na kwenye ibada uweze kwenda kwa miguu. Ikiwezekana, panga huko kwa miezi michache kabla ya kuuza, na nyumba yako nayo uipangishe kwa kipindi hicho ili kodi yake ichangie ile unayolipa.