Si kila tatizo ni mtandao: dhana potofu kuhusu darasa la mtandaoni

Mwanafunzi akishindwa kuingia Zoom, au kazi yake isipoonekana Google Classroom (programu ya kugawa na kukusanya kazi za darasa), jibu la haraka ni "mtandao unasumbua". Mara nyingi mtandao unasingiziwa.

Dhana: Bando lolote lenye MB litafungua kipindi.
Bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii linafanya kazi kwenye programu zilizotajwa tu. Mwalimu anatuma kiungo cha kipindi WhatsApp, kinafika vizuri, lakini ukikibofya unahama kwenda Zoom, na hapo ndipo panapogoma. Mwanafunzi ataapa kwamba intaneti ipo, kwa sababu meseji zinaingia. Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, muulize amenunua bando gani.

Dhana: Nikizima kamera yangu, bando haliliki.
Umezuia picha yako isitoke. Za wenzako bado zinaingia, na hizo ndizo nzito. Kwa viwango vya Zoom wenyewe, sauti pekee inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Video ya kikundi yenye ubora mzuri inahitaji kilobiti 600 za kupokea. Piga hesabu ya saa moja: sauti inayoingia haizidi MB 36, video inakaribia MB 270.

Kwenye simu, telezesha skrini ya Zoom kuelekea kulia mpaka uone kitufe kimoja kikubwa cha kuongea. Hiyo ni hali iliyowekwa kwa ajili ya madereva (isipotokea, iwashe kwenye mipangilio ya mikutano). Picha zinakatika, sauti inabaki. Ubaya wake, slaidi nazo hazionekani, kwa hiyo haifai wakati hesabu inakokotolewa ubaoni. Dawa nzuri zaidi iko kwa mwalimu: darasa zima lizime kamera, naye azime yake, aonyeshe skrini tu. Skrini bila video inatumia kilobiti 50 hadi 75 kwa sekunde. Jambo hili moja linaokoa bando za wengi kuliko ujanja wa mwanafunzi mmoja mmoja.

Dhana: Sisikii kitu, basi spika imekufa.
Tazama chini kushoto kwenye Zoom ya simu. Ukiona alama ya hedifoni badala ya maiki, mwanafunzi yumo kipindini lakini hajaunganisha sauti. Alifunga kidirisha kilichomuuliza. Bonyeza alama hiyo, chagua Wi-Fi au data. Kama maiki ipo ila wenzake hawamsikii, nenda Mipangilio ya simu, Programu, Zoom, Ruhusa, kisha ruhusu maikrofoni. Mwangwi nao hutokana na simu mbili zilizo chumba kimoja: moja izimwe maiki na sauti.

Dhana: Kipindi kimekatika dakika ya 40, mtandao umeanguka.
Hapana, hicho ni kikomo cha Zoom ya bure. Google Meet ya bure hukata baada ya dakika 60 mkiwa watu watatu au zaidi. Mwalimu agawe somo mara mbili na kutuma viungo vyote viwili mapema.

Dhana: Nimeshapakia picha za daftari, nimewasilisha.
Hii ndiyo inayopoteza alama nyingi bila sababu. Kupakia ni kuambatisha tu. Mpaka ubonyeze Turn in kwenye Google Classroom na kuthibitisha, kwa mwalimu kazi hiyo bado haijawasilishwa, na muda ukipita inahesabika kukosekana. Picha kumi za daftari pia ni mzigo: fungua Google Drive kwenye simu, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Scan, piga kurasa zote kwa mpangilio zitoke kama PDF moja.

Na darasa likitoweka kabisa, gusa picha ya wasifu pale juu kulia uone ni akaunti ipi imefunguka. Simu ya nyumbani yenye akaunti ya mama na ya mtoto hufungua Classroom kwa ile iliyotumika mwisho, na kwenye akaunti ya mama darasa hilo halipo. Badilisha akaunti kwanza. Usiingize tena msimbo wa darasa, maana mama ataandikishwa mwanafunzi.