Udalali Si Ulimi: Kuhusu Namba Tunazozitamka Mnadani

Kwa mara nyingine nimepokea rekodi ya sauti kutoka kwa kijana anayetaka kuingia katika kazi ya kunadi, naye, kama wengi waliomtangulia, ameniomba nimpime kasi ya ulimi. Amejirekodi akipanda kutoka moja hadi mia bila kuvuta pumzi, kisha ameuliza kwa heshima: "Mwalimu, bado kiasi gani niwe dalali kamili?" Nimekwisha kulijibu swali hili faraghani mara nyingi mno, na sasa naona afadhali nilijibu hadharani, kwa sababu imani iliyo nyuma yake, kwamba dalali ni mdomo, inatuletea watu hodari wa kusema wasiojua wanachokisema.

Kasi yenyewe ina asili yake. Ukiupunguza mwendo wimbo wa haraka ambao madalali wa mifugo wa Marekani huuimba wakinadi, utakuta ndani yake namba mbili tu, yaani dau lililokwisha kushikwa na dau linaloombwa. Mengine yote ni maneno ya kujazia ili mdundo usikatike. Unafaa pale kwa sababu mafungu, yaani mali zinazonadiwa moja baada ya nyingine, ni mengi na wanunuzi ni wazoefu ambao masikio yao huchambua namba na kuacha mengine. Upeleke wimbo huohuo mbele ya watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani, nao watanyamaza wote, kwa maana hakuna anayeinua mkono kwa bei asiyoisikia vizuri. Kule Aalsmeer, Uholanzi, maua huuzwa kwa chombo kama saa ya ukutani, ambacho bei yake huanza juu na kushuka, na anayewahi kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Ule ni mnada kamili, na hakuna anayeimba.

Kuhusu kazi ya kabla ya mnada nitasema kwa ufupi, kwa sababu iko wazi kwa yeyote aliyekwisha kuandaa orodha ya mafungu. Hakikisha kwamba anayekuletea mali ana haki ya kuiuza. Mwaka 193 walinzi wa kaisari huko Roma walinadi utawala wenyewe, seneta Didius Julianus akapanda dau na kushinda, na baada ya takriban miezi miwili alikuwa amekwisha kuuawa. Walichokiuza hakikuwa chao. Eleza kasoro za fungu kwa maandishi, toa nafasi ya ukaguzi, soma masharti kwa sauti kabla ya fungu la kwanza, na uelewe uzito wa kutangaza mali kuwa inauzwa bila bei ya chini, yaani bila kiwango ambacho mwenye mali hakubali kuuza chini yake. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimhukumu dalali alipe pauni 27,600 kwa sababu aliziondoa mnadani mashine mbili alizokuwa amezitangaza hivyo, baada ya kupata dau la pauni 200 tu kwa kila moja. Aliona kwamba anamlinda mwenye mali. Mahakama ilitazama ahadi aliyokuwa ameitoa kwa waliohudhuria.

Sasa nifike panaponiuma. Kila namba anayoitamka dalali akiwa jukwaani ni ushahidi. Ninaposema kwamba nina dau la mia tano upande wa kushoto, ninawathibitishia watu wote waliomo ukumbini kwamba yupo mtu, upande wa kushoto, aliye tayari kulipa mia tano. Mnunuzi wa upande wa kulia anaposikia hivyo hapokei habari ya bei peke yake, bali anapata pia habari ya thamani: kumbe yuko mwenzangu anayeiona mali hii inafaa kiasi hicho. Anapandisha kwa sababu ananiamini. Ikiwa upande wa kushoto hapakuwa na mtu isipokuwa ukuta, basi nimemwibia, hata kama mali ilistahili bei ile, na hata kama yeye mwenyewe ameondoka akiwa na furaha.

Najua hoja itakayoletwa, kwa sababu huletwa kila mara: lakini sheria inaruhusu. Hapa pana tofauti ambayo wengi huikanyaga. Katika sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1979, ambayo imefuatwa kwa namna mbalimbali katika nchi nyingi, mwenye mali anaweza kujiwekea haki ya kutoa dau, yeye au mtu kwa niaba yake, mradi haki hiyo iwe imetangazwa waziwazi. Isipotangazwa, dau la namna hiyo ni haramu, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Kwa hiyo dalali anayepandisha kwa niaba ya mwenye mali mpaka karibu na bei ya chini, chini ya masharti yaliyosomwa, yuko ndani ya sheria. Anayebuni dau hewa kimyakimya amekwisha kuvuka. Na hata huyo wa kwanza, akiivuka bei ya chini kwa dau lake mwenyewe, hana tena kitu cha kumlinda, kwa sababu tangu hapo mali ni ya kuuzwa na kila hatua anayoongeza inatoka katika mfuko wa mnunuzi halisi.

Nikiri kwamba hata njia ile halali hainipi utulivu. Nimeitumia miaka mingi na bado sijui kama mtu aliyesikiliza masharti kwa haraka mwanzoni anatambua, fungu la arobaini likifika, kwamba anashindana na mimi. Siku hizi husema kwa sauti, "Dau hili ni la mwenye mali." Wenzangu wananiambia kwamba napunguza joto la ukumbi, na kuna siku naona wanasema kweli.

Jambo la pili ni nyundo, ile anayoigonga dalali kufunga mauzo. Zamani Uingereza walinadi kwa mshumaa, na aliyetoa dau la mwisho kabla mwali haujazimika ndiye aliyeshinda. Samuel Pepys, Mwingereza aliyeandika shajara, aliandika mwaka 1662 juu ya mtu aliyegundua kwamba moshi hushuka mara tu kabla ya mwali kufa, naye akaitumia siri hiyo kuwatangulia wenziwe. Nyundo iliondoa siri ya namna hiyo, kwa sharti kwamba anayeishika haigongi kwa hila. Tangu kesi ya Payne dhidi ya Cave ya mwaka 1789 imekuwa wazi kwamba dau ni pendekezo tu, na mwenye kulitoa anaweza kulirudisha kabla ya nyundo kuanguka. Baada ya kuanguka, mauzo yamekamilika. Ndiyo maana mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu zinapaswa kuwa na urefu uleule kwa kila fungu, likiwa la thamani au la. Niliwahi kugonga mapema kwa sababu nilikuwa nimechoka, huku mkono wa mama mmoja ukiwa njiani kupanda. Masharti yaliniruhusu kulifungua tena fungu lile palepale, nikalifungua, na mnunuzi wa kwanza akalalamika kwa haki yake. Mpaka leo sina jibu litakalowaridhisha wote wawili.

Lipo shaka lingine ambalo sijaliona likizungumzwa katika mafunzo. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walionyesha kwamba katika kushindania kitu ambacho hakuna ajuaye thamani yake kwa hakika, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria kupita kiasi. Mimi ni mtumishi wa mwenye mali, na ujira wangu hupanda pamoja na bei. Ninapomtazama mtu machoni na kumwuliza kama ataiacha mali iende kwa mwingine kwa tofauti ya hatua moja tu ya bei, ninajua kwamba huenda ninamsukuma kwenye kosa hilohilo. Ninamwuliza mara moja. Akitikisa kichwa, namwacha.

Kwa hiyo kijana aliyenitumia rekodi nimemjibu hivi: kwa minada kumi ya kwanza hatapanda jukwaani. Ataketi kando ya karani, aandike kila dau, namba ya kibao anachoinua mnunuzi, na saa nyundo ilipogonga, pamoja na madau ya simu na yale yaliyoachwa kwa maandishi. Jioni tutaisoma karatasi yake mstari kwa mstari, na kila namba niliyoitamka ataniuliza ilitoka kwa nani.