Akupancha na Tiba ya Hospitali: Uchunguzi Kwanza, Sindano Baadaye

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa sana na wagonjwa wenye maumivu sugu ni kama wanaweza kuchomwa sindano za Kichina, yaani akupancha, huku wakiendelea na dawa walizoandikiwa hospitalini. Walio wengi wanaweza, ilimradi ugonjwa wenyewe uwe umeshachunguzwa na kutambuliwa, na ilimradi kila anayemhudumia mgonjwa awe na habari ya kile anachofanya mwenzake. Masharti hayo mawili yana uzito kuliko sindano zenyewe, na ndiyo yanayosahaulika mara nyingi.

Sindano ya akupancha si ile ya kudungia dawa. Haina tundu ndani, haipitishi dawa yoyote, na unene wake kwa kawaida ni karibu milimita 0.25, kiasi kwamba wagonjwa wengi huhisi kidogo tu inapopenya ngozi. Kinachohisiwa zaidi huja muda mfupi baadaye, mtaalamu anapoizungusha taratibu: uzito fulani, ganzi, au mvuto unaosambaa, ambao wenye fani huuchukua kuwa dalili kwamba sindano imefika mahali pake. Huachwa hapo kwa dakika 20 hadi 30, kisha huchomolewa na kutupwa. Mapokeo ya Kichina yanaeleza kwamba nguvu ya uhai, chi, hupita katika njia maalumu mwilini, na kwamba inapokwama ndipo maumivu yanapozuka. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha viwango vya mahali pa kuchoma, jumla pointi 361. Elimu ya maumbile ya mwili haijazibaini njia hizo, ingawa baadhi ya pointi zinazotumika sana ziko juu ya neva kubwa. Kwa maoni yangu, daktari anaweza kuitumia ramani hiyo bila kulazimika kuyakubali maelezo yake yote, maana kinachopaswa kupimwa ni kama mgonjwa anapata nafuu.

Kukutana kwa tiba hizi mbili si jambo la jana. Mwaka 1822 mfalme wa China aliiondoa akupancha katika taasisi ya tiba ya jumba la kifalme. Katika miaka ya 1950 serikali ya nchi hiyohiyo ilifungua vyuo vya tiba ya jadi na kuziweka tiba zote mbili katika mfumo mmoja wa afya. Nchi za Magharibi zilivutiwa zaidi kuanzia mwaka 1971, wakati mwandishi wa New York Times, James Reston, alipotolewa kidole tumbo hospitalini Beijing. Kisa chake husimuliwa mpaka leo kana kwamba alipasuliwa kwa sindano za akupancha badala ya dawa ya ganzi, jambo ambalo halikutokea. Alidungwa dawa ya ganzi ya kawaida, na akupancha ilitumika baada ya upasuaji, tumbo lilipojaa gesi na kumsumbua usiku. Kisa chenyewe, kikisimuliwa kama kilivyokuwa, kinaonyesha vizuri mgawanyo wa kazi: kisu kiliondoa kiungo chenye ugonjwa, na sindano zikashughulikia usumbufu uliobaki.

Je, nafuu hiyo inatokana na sindano au na imani ya mgonjwa? Hapa ndipo utafiti ulipokabiliwa na kazi ngumu, kwa kuwa ni rahisi kutengeneza kidonge kisicho na dawa, lakini ni vigumu kumchoma mtu sindano isiyo sindano. Njia mojawapo ni kutumia sindano butu inayorudi ndani ya mpini wake, na nyingine ni kuchoma juujuu mahali pasipo pointi yoyote. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliofikia kiwango cha nafuu kilichowekwa walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha halisi, asilimia 44.2 kwa ile ya kuigiza, na asilimia 27.4 kwa waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida. Anayeipinga akupancha husoma tarakimu mbili za kwanza na kusema kwamba mahali pa kuchoma hapana maana. Anayeiunga mkono husoma ya kwanza na ya tatu na kusema kwamba wagonjwa walinufaika. Wote wawili wana hoja. Uchambuzi wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za wagonjwa wapatao 21,000 wenye maumivu sugu, ulikuta kwamba akupancha halisi inaizidi ile ya kuigiza, ila kwa tofauti ndogo, na kwamba tofauti hukua inapolinganishwa na kutofanya akupancha kabisa.

Upande wa kichefuchefu ushahidi ni mzuri pia, hasa baada ya upasuaji. Pointi inayotumika iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili zinazojitokeza mtu anapokunja ngumi. Inaweza kuchomwa sindano au kubonyezwa kwa kidole gumba, na haimzuii mgonjwa kupewa dawa ya kuzuia kutapika. Kuhusu namna maumivu yanavyopungua, majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba mwili hutoa endofini, ambazo ni kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, na kwamba naloksoni, dawa inayozuia kazi ya kemikali hizo, iliweza kupunguza nafuu iliyoletwa na sindano.

Miongozo ya kitabibu haikubaliani kwa kila jambo, na msomaji asishangae. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilisema mwaka 2016 kwamba akupancha isitolewe kwa maumivu ya kiuno, kisha mwaka 2021 ikairuhusu kwa baadhi ya maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Nchini Marekani, bima ya serikali ya Medicare ilianza mwaka 2020 kulipia mahudhurio 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno, na mengine 8 kwa mgonjwa anayeonyesha maendeleo. Sharti hilo la maendeleo linafaa kuigwa na yeyote: ikiwa mahudhurio kadhaa yamepita bila badiliko lolote, hakuna sababu ya kuendelea.

Akupancha haitibu saratani, haiui vimelea wala haifungui mshipa wa moyo ulioziba. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda bila sababu yanahitaji hospitali siku hiyohiyo, na kadhalika maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla. Hatari hapa ni kwamba sindano inaweza kumpa mgonjwa nafuu ya siku chache, naye akachelewa. Madhara ya sindano zenyewe huwa madogo, kama vile tone la damu, mchubuko au kizunguzungu. Mara chache sana, sindano iliyoingizwa kwa kina kifuani imetoboa pafu, na sindano zilizorudiwa bila kutakaswa zimeeneza homa ya ini aina ya B. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo waseme mapema. Huyo wa mwisho hasa asiunganishwe na sindano zinazopitishiwa umeme.

Linalonitia wasiwasi kuliko sindano ni mitishamba inayotolewa pamoja nayo. Mimea inaweza kuwa dawa kamili: Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria aliyoifikia baada ya kusoma maandishi ya karne ya 4 yaliyoelekeza mmea uloweshwe katika maji badala ya kuchemshwa. Lakini dawa hiyo ilitengwa, ikapimwa, ikawekewa kipimo. Mjini Brussels, mapema miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo kwa sababu mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye sumu, aristolokia. Mzizi wa danshen, mmea wa tiba ya Kichina, unaweza kuongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka mtu akavuja damu, na urukususu ukitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu.

Kwa hiyo mgonjwa aje kliniki na pakiti zenyewe, si majina ya kukumbuka, na kabla ya upasuaji amwonyeshe mtaalamu wa dawa ya usingizi kila anachokunywa. Pakiti isiyoandikwa viambato vyake isitumiwe pamoja na dawa nyingine mpaka mfamasia aione.