Miwani Haimharibii Mwanafunzi Macho: Dhana Potofu Tunazokutana Nazo Shuleni

Sisi tunaopima macho ya wanafunzi na walimu tumezoea kuisikia kauli moja, karibu kwa maneno yale yale, iwe ni katika shule ya kata au katika shule ya kulipia: mtoto asianzishiwe miwani mapema, kwa kuwa macho yatazoea na hatimaye yataharibika. Huitamka mzazi, huitamka mwalimu wa darasa na, jambo linalonikera zaidi, huitamka hata mhudumu wa afya ambaye anapaswa kujua. Nimekwisha kuijibu kwa ufupi na kwa upole mara nyingi. Hapa naijibu kwa urefu.

Mwanafunzi asiyeona ubao mara nyingi ana jicho lililorefuka kupita kiasi, hivyo mwanga hukutana mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kukutana juu yake. Lenzi ya miwani hupinda mwanga huo kabla haujaingia jichoni, na kazi yake huishia hapo. Haigusi konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hailegezi msuli wowote, wala lenzi yenye namba sahihi hailirefushi jicho. Namba ya miwani hupanda mwaka hadi mwaka kwa sababu jicho la mtoto linaendelea kukua pamoja na mwili wake, awe amevaa miwani au hakuvaa. Mzazi anayenunua viatu vikubwa zaidi kila Januari halaumu viatu vya mwaka uliopita kwa kumkuza mtoto miguu. Ila kwa miwani, lawama hiyo huonekana ni ya busara.

Jambo hili limewahi kujaribiwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watoto 94 wa Malaysia wasioona mbali, ambao baadhi walipewa lenzi kamili na wengine wakapewa kwa makusudi lenzi hafifu kuliko walivyohitaji. Baada ya miaka 2, waliopewa lenzi hafifu ndio ambao macho yao yalizidi kuharibika kwa kasi. Kwa hiyo mzazi anayeniomba nipunguze namba "ili jicho lifanye kazi lenyewe" ananiomba nimdhuru mtoto wake, nami hukataa.

Najua dhana hii inatoka wapi. Mtoto akivaa miwani kwa mwezi mmoja kisha akaivua, hulalamika kwamba anaona ukungu kuliko zamani, na mama husema, "Unaona sasa?" Ukimpima tena bila miwani, utakuta anasoma mstari ule ule wa chati aliokuwa akiusoma siku ya kwanza. Zamani hakuwa na cha kulinganisha nacho. Alidhani kila mtu huuona mwembe kama fungu moja la kijani lisilo na majani. Sasa ameshaona majani, na anayataka.

Wako wanaodai kwamba tatizo ni bei tu. Bei ni tatizo kweli, lakini haimalizi maelezo. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata miongoni mwa wanafunzi waliopewa miwani bure, chini ya nusu ndio waliokuwa wakiitumia au walio nayo shuleni miezi 3 baadaye. Miwani hiyo haikushindwa na bei. Ilishindwa na shangazi anayesema itamharibu, na wenzake wanaomwita "babu" au "profesa" huku mwalimu akicheka pamoja nao. Mwalimu anayetaka kusaidia aanze kwa kutocheka. Kumhamishia mwanafunzi dawati la mbele ni hisani ya wiki moja wakati akisubiri kupimwa, wala si tiba. Nimekutana na wanafunzi waliokaa dawati la mbele tangu darasa la tatu mpaka la saba bila mtu yeyote kuwapeleka kliniki.

Kuna kundi ambalo kwao kuchelewa hakulipiki kabisa. Mtoto ambaye jicho lake moja lina kasoro kubwa kuliko jingine hutumia picha ya jicho zuri, na ubongo hulipuuza lile jingine mpaka linakuwa jicho vivu. Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya umri wa miaka 7 au 8. Akiletwa akiwa kidato cha pili, kwa kuwa nyumbani waliogopa "kumzoesha," naweza kumwandikia lenzi iliyo sahihi kabisa na jicho hilo bado lisifike mistari ya chini ya chati. Miwani haikumharibu, kungojea ndiko kulikomharibu.

Wala kupima si kazi inayohitaji kungojea mtaalamu afike. Katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, walimu walifundishwa kupima uoni kwa programu ya simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba asilimia 54 ya wanafunzi waliopewa rufaa kwa utaratibu huo walifika hospitali, ikilinganishwa na asilimia 22 katika shule zilizotumia chati na karatasi za kawaida. Chati ya herufi E iliyobandikwa umbali wa mita 6 mahali penye mwanga bado inatosha kumbaini mwenye shida.

Mengine nayajibu kwa kifupi.

Macho mekundu hayaambukizwi kwa kumtazama mgonjwa. Ugonjwa huo ulipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine Januari 2024, bado tulikutana na watu walioamini kwamba miwani ya jua humkinga jirani. Virusi husafiri kwa mikono, taulo, mito na vitasa vya milango. Nawa kwa sabuni, mwanafunzi abaki nyumbani, na usimtie maziwa ya mama, maji ya chumvi wala mkojo.

Matone yaliyomsaidia mwenzako si lazima yakufae wewe. Hapa hasira yangu ni ya haki. Wanafunzi wenye mzio wa macho, wale wanaojikuna kutwa nzima, hununuliwa matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, katika duka la dawa muhimu, hupata nafuu kwa siku 2, kisha huyatumia kwa miezi bila usimamizi. Dawa ya jamii hiyo inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa kijana wa miaka 14. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Uoni uliochukuliwa na presha ya jicho haurudi.

Karoti hazimvui mtu miwani. Vitamini A humkinga mtoto na upofu wa usiku na ukavu wa macho, na hupatikana pia katika mchicha, papai na maembe, lakini haifupishi jicho lililorefuka. Kusoma kwa mwanga hafifu nako huchosha tu, ingawa moshi wa koroboi ni habari nyingine.

Kinachosaidia kweli kumchelewesha mtoto kuanza kutoona mbali ni mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku zilikuwa, baada ya miaka 3, na asilimia 30 ya watoto walioanza kutoona mbali, dhidi ya karibu asilimia 40 katika shule nyingine. Nawaambia walimu wakuu bila kuchoka: msiwafungie watoto darasani wakati wa mapumziko kwa ajili ya masomo ya ziada.

Na walimu wenyewe? Baada ya umri wa miaka 40 lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na daftari la kusahihisha huanza kusogezwa mbali mpaka mkono unaisha. Miwani ya kusomea haiharakishi hali hiyo, kama ambavyo kuikataa hakuizuii. Mwenye kuikataa husahihisha polepole na kuumwa kichwa. Miwani ya mezani kwa machinga inaweza kumfaa mtu ambaye macho yake yote mawili yanalingana na hana ugonjwa, lakini asiinunue kabla ya kupimwa. Mwalimu mwenye kisukari ana wajibu wa ziada: achunguzwe retina kila mwaka hata kama anasoma maandishi madogo bila shida yoyote, kwa sababu kisukari hushambulia retina muda mrefu kabla hajahisi lolote.