"Si Ulaya waliondoa ushuru?"

Wiki hii watu watatu wameketi mezani pangu hapa Nakuru, ninapowaandalia wakulima karatasi za kuuza mazao nje, na wote wameanza na swali hilo. Wa mwisho alitoka Subukia. Mishiri yake, yaani maharagwe mabichi ya maganda, ilikuwa imekwama, naye akinitazama kana kwamba ni mimi niliyeikwamisha.

Hakuna ushuru ulioondolewa juzi. Maua na mishiri ya Kenya ilikuwa ikiingia Ulaya bila ushuru miaka mingi kabla ya mkataba huu wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya. Mwanya ulitokea Oktoba hadi Desemba 2014 tu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipochelewa kuelewana na Ulaya, waridi za Naivasha zikatozwa. Mkataba uliotiwa saini Nairobi Desemba 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2024 unazuia hayo yasirudi. Basi.

Kinachokwamisha mzigo ni dawa za kunyunyizia mimea. Mwanzoni mwa 2013, ushuru ukiwa sifuri kabisa, Ulaya iliagiza shehena 1 kati ya kila 10 za mishiri na minji ya maganda kutoka Kenya ipimwe mabaki ya dawa. Dimethoate, dawa ya kuua wadudu, ndiyo iliyotuponza. Waulize pia wavuvi wa Kisumu: mwaka 1999 mbuta wa Ziwa Victoria walifungiwa soko hilo kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Nani alitaja ushuru?

Sasa nikimuuliza mkulima, "Ulipiga dawa lini mara ya mwisho?" anatazama dari. Nunua daftari! Andika jina la dawa, tarehe uliyopiga, kipimo, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Lebo ipige picha. Na usiniambie mwenye agrovet, duka la dawa za kilimo, alisema ni salama, yeye anauza. Chlorpyrifos, dawa nyingine ya wadudu, ilipigwa marufuku Ulaya 2020, na bado kuna anayenitajia kwa fahari kwamba inaua kila kitu.

"Lakini Afrika Mashariki yote imo kwenye mkataba." Haimo. Ni Kenya peke yake. Uganda, Tanzania na Rwanda huuza Ulaya bila ushuru kwa sababu zinahesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo duni. Kenya haihesabiwi huko. Ndiyo maana majirani hawakuwa na haraka ya saini, na sisi tulikuwa nayo. Kwa hiyo parachichi ulizonunua Mbale ya Uganda usiniletee nikuombee cheti kwamba zilikua Kenya.

"Bidhaa za Ulaya zitafurika." Kenya inafungua soko lake polepole, nyingine hadi miaka 25, na nguo, viatu, magari na bidhaa kadhaa za kilimo ziliachwa nje.

"Karatasi hizihizi zitafika London." Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya, na ina mkataba wake na Kenya tangu Machi 2021. Wa Subukia alikuwa na mnunuzi huko pia, kwa fomu ya Ulaya. Tulianza upya saa moja usiku. Daftari hakuwa nalo.